Uzi: Hataza za utafutaji na za utambuzi wa herufi, tuzisome madai yake na si vichwa vyake

Msomahataza (mwanzisha uzi)

Wakuu, salamu kwenu nyote. Kila mada ya hataza za kompyuta, yaani haki za kisheria anazopewa mvumbuzi, inapoletwa humu, naona kauli mbili zikijirudia. Wapo wanaosema kwamba kampuni kubwa zimekwisha kumiliki utafutaji wa habari na usomaji wa maandishi kwa mashine, hivyo mtengenezaji mdogo hana nafasi. Wapo pia wanaoziona hataza kuwa makaratasi ya mawakili ambayo mtu wa kompyuta hana la kujifunza humo. Nimekuwa nikizisoma hataza za nyanja hizi mbili kwa muda mrefu, hasa madai yake, yaani sentensi zinazotaja hasa kinacholindwa, na naomba nilete hoja tofauti. Katika utafutaji, na katika utambuzi wa herufi ambao wengi wetu tunauita OCR, kazi ngumu ni ile ile moja: kupata jibu sahihi kutoka kwenye maandishi yenye makosa. Mtumiaji huandika jina asilolijua tahajia yake. Karatasi hufifia, wino husambaa, herufi hukatika mkia. Hataza zenye uzito ni zile zilizoeleza, hatua kwa hatua, jinsi mashine inavyolikabili kosa hilo. Zile zilizodai tu kwamba mashine "inasoma" au "inatafuta" zimekuwa na wakati mgumu mbele ya majaji, na nitalieleza hilo mbele kidogo.

Nianze na hataza iliyoitangulia kompyuta yenyewe. Tarehe 2 Aprili 1918, Robert C. Russell alipewa hataza ya Marekani namba 1,261,167 kwa mfumo wa kupanga majina katika faharasa kwa kufuata yanavyotamkwa badala ya yanavyoandikwa. Kutokana na wazo hilo ilikuja kanuni iitwayo Soundex, ambayo ilitumika kutengeneza faharasa za sensa za Marekani na ambayo mpaka leo imo ndani ya hifadhidata nyingi. Kanuni inayotumika sasa ni rahisi kuifuata kwa kalamu. Herufi ya kwanza ya jina hubaki kama ilivyo, irabu huachwa, kisha konsonanti zenye kukaribiana kwa sauti hupewa tarakimu moja: b, f, p na v hupata 1, c, g, j, k, q, s, x na z hupata 2, d na t hupata 3, l hupata 4, m na n hupata 5, na r hupata 6. Tarakimu tatu zikitimia, basi, na zikipungua huongezwa sifuri. Jina Robert huwa R163, na Rupert nalo huwa R163, kwa hiyo karani aliyeulizwa moja hulipata na la pili.

Tazameni kilicholindwa hapo. Russell hakupewa haki juu ya kutafuta majina. Alipewa haki juu ya njia moja ya kuyakusanya majina yanayofanana kimatamshi ili kosa la tahajia lisimpoteze mtafutaji. Na kwa kuwa njia hiyo imeandikwa wazi, tunaweza kuipima sisi wenyewe na kuona inapokwama. Kwa maandishi ya Kiswahili inakwama mapema: l na r zina tarakimu tofauti, kwa hiyo anayeandika "habali" akikusudia "habari" hupata H140 badala ya H160, na ulizo lake, yaani maneno anayotafuta, halikutani na neno analolitaka. Mtu anayejenga utafutaji kwa ajili ya wasomaji wa Kiswahili angepaswa kupanga upya makundi ya sauti, na hakuna hataza inayomzuia kufanya hivyo, maana ile ya 1918 imekwisha muda wake miongo mingi iliyopita.

Upande wa macho ya mashine, mwaka 1929 Gustav Tauschek wa Austria aliwasilisha nchini Ujerumani ombi la hataza ya mashine ya kusoma, na mwaka 1935 akapewa ya Marekani, namba 2,026,329. Ndani yake kulikuwa na gurudumu lenye matundu yaliyochongwa kwa umbo la herufi, likizunguka mbele ya picha ya herufi iliyomulikwa. Herufi nyeusi ilipolingana sawasawa na tundu lake, mwanga ulizibwa, kitambuzi cha mwanga kikakosa mwanga, na mashine ikajua kwamba hiyo ndiyo herufi. Ni wazo safi, ila linadai ulinganifu kamili. Herufi ikipigwa chapa kwa kuinama kidogo, au utepe wa taipureta ukiwa umechakaa, mwanga hupenya na mashine haina jibu.

Katika kipindi hicho hicho, Emanuel Goldberg, aliyekuwa akiongoza kampuni ya Zeiss Ikon huko Dresden, alibuni kifaa ambacho kwa maoni yangu ndicho babu wa mada yetu yote. Hataza yake ya Marekani, namba 1,838,389, ilitolewa tarehe 29 Desemba 1931 kwa jina la Mashine ya Takwimu. Nyaraka zilipigwa picha kwenye filamu ndogo, na kando ya kila picha kukawekwa alama za faharasa. Mtafutaji aliandaa ulizo lake katika umbo la kadi yenye matundu. Filamu ikapitishwa mbele ya kadi hiyo, na alama zilipolingana na matundu mwanga ulizibwa na kitambuzi kikatoa ishara. Ulizo la mtumiaji na utambuzi wa alama kwa mwanga vilikuwa ndani ya sanduku moja, kabla ya kompyuta ya kielektroniki kuwapo. Mwaka 1933 Wanazi walimteka Goldberg, naye akalazimika kuikimbia Ujerumani. Jina lake likasahaulika kwa muda mrefu hata miongoni mwa wataalamu wa utafutaji, na mimi naliona hilo kuwa deni ambalo historia ya fani yetu bado inadaiwa.

Baada ya vita kuu ya pili hatua ziliongezeka haraka. David H. Shepard alipata hataza namba 2,663,758 mwezi Desemba 1953, na mashine za kampuni yake zikaanza kutumika kibiashara katikati ya miaka ya 1950. Mteja wa mwanzo alikuwa jarida la Reader's Digest, lililozitumia kugeuza taarifa za mauzo zilizopigwa chapa kuwa kadi zilizotobolewa. Lakini badiliko ninalolithamini zaidi ni la Jacob Rabinow, mhandisi aliyekuja kuwa na hataza za Marekani zaidi ya 200. Yeye alishikilia kwamba mashine isidai ulinganifu kamili: iilinganishe herufi na vielelezo vyote, iipime tofauti ya kila kimoja, kisha ichague kilicho karibu zaidi kuliko vingine. Kanuni hiyo ya kuchagua kilicho bora miongoni mwa vilivyopo iliipa mashine namna ya kuishi na karatasi chafu. Karibu kila kitu kilichofuata, mpaka mitandao ya neva bandia, yaani programu zinazojifunza kutokana na mifano, kimejengwa juu ya msimamo huo.

Kuhusu mitandao hiyo nitasema kwa ufupi. Mwaka 1991 kundi la watafiti wa Bell Labs, maabara ya kampuni ya simu ya AT&T, akiwamo Yann LeCun, lilipewa hataza namba 5,067,164 juu ya mtandao wa neva unaojifunza kutambua herufi kwa tabaka zenye vizuizi maalumu. Teknolojia hiyo iliingia katika mashine za benki za kusoma tarakimu za hundi. AT&T ilipogawanyika mwaka 1996, hataza zilikwenda kwa NCR, kampuni ya mashine za benki, na watafiti wenyewe wakabaki upande mwingine. Muda wa ulinzi ulikwisha kabla mitandao ya aina hiyo haijaanza kutawala utambuzi wa picha mwaka 2012. Kwa hiyo anayefikiri kwamba kila programu ya leo inayosoma herufi inalipia hataza hizo amekosea.

Nirudi kwenye maulizo. Hataza ya utafutaji inayotajwa kuliko zote ni ile ya PageRank, njia ya Google ya kupanga matokeo ya utafutaji, namba 6,285,999, ambayo ombi lake liliwasilishwa Januari 1998 na kutolewa tarehe 4 Septemba 2001. Mvumbuzi ni Lawrence Page, lakini mmiliki alikuwa Chuo Kikuu cha Stanford, kilichoipa Google leseni na kupokea hisa milioni 1.8, ambazo kiliziuza mwaka 2005 kwa dola milioni 336. Dai lake la kwanza, ukiliondolea lugha ya kisheria, lina hatua tatu: pata nyaraka zilizounganishwa kwa viungo, ipe kila nyaraka alama kwa kutegemea alama za nyaraka zinazoielekezea viungo, kisha zishughulikie nyaraka kwa kufuata alama hizo. Neno lenye uzito ni hilo la "kutegemea alama za nyaraka zinazoielekezea". Kuhesabu viungo tu hakutoshi kuingia ndani ya dai hilo.

Umuhimu wa kusoma kwa makini namna hiyo unaonekana mtu akiiweka pembeni hataza ya Robin Li, namba 5,920,859, iliyotolewa Julai 1999 kwa ombi la Februari 1997. Li, ambaye baadaye alianzisha Baidu, injini ya utafutaji ya China, naye alitumia viungo kupanga matokeo, lakini alitazama maneno yaliyoandikwa ndani ya kiungo na kuyalinganisha na maneno ya ulizo. Kwa Li, alama huzaliwa ulizo linapofika. Kwa Page, sehemu kubwa ya alama imekwisha kukokotolewa kabla mtumiaji hajauliza lolote. Baadhi ya hataza za baadaye za Page juu ya PageRank zinaitaja ya Li miongoni mwa kazi zilizotangulia, na hataza za wote wawili zilitolewa. Zinafanya kazi kwa njia tofauti, ingawa mtu anayesoma vichwa peke yake angesema ni kitu kimoja.

Na mfano ambao nyanja zetu mbili zinakutana tena kama kwa Goldberg ni familia ya hataza za Google za ulizo la picha, zilizoanza kutolewa mwanzoni mwa miaka ya 2010. Mojawapo, ya mwaka 2014, inaeleza hivi: mtumiaji anapiga picha ya ukurasa kwa simu na kuituma kwenye seva, seva inazitambua herufi na kuzipa kila moja alama ya ubora, inachagua mifuatano ya herufi zilizosomeka vizuri tu, inatafuta nyaraka asilia yenye mifuatano hiyo, ambayo pia inakubaliana na mpangilio wa maneno kwenye picha, kisha inamrudishia mtumiaji sehemu ya nyaraka asilia. Fikirieni ukurasa ambao nusu yake imefunikwa na kivuli cha mkono. Mashine haihangaiki kuzisoma herufi zilizo kivulini. Inazitumia zile inazoziamini kuuliza, na jibu linakuja na maneno yaliyokuwa kivulini yakiwa kamili. Hapo OCR yenyewe ndiyo imekuwa mwandishi wa ulizo, na kosa limezungukwa badala ya kusahihishwa. Mimi huona huo ni uvumbuzi wa kweli, awe nani aliyeumiliki.

Karibuni tujadili. Naomba tubaki kwenye madai yenyewe.

Mhifadhi Kumbukumbu

Ndugu mwanzisha uzi, nashukuru kwa somo hili. Mimi nafanya kazi ya kuhifadhi nyaraka za zamani, nyingi zikiwa zimepigwa kwa taipureta, na tatizo ulilolieleza ndilo tunaloamka nalo. Tunazipitisha karatasi kwenye skana, programu inasoma, na kwa macho matokeo yanaonekana mazuri. Lakini mtafiti akija na kuuliza neno, haoni kitu, ingawa neno lipo kwenye ukurasa. Tulipochunguza tuliona kwamba "Ilani" imesomwa "llani", kwa l mbili ndogo, na "leo" imesomwa kwa tarakimu 1 mwanzoni. Pale ambapo programu ilikuwa imewekewa kamusi ya Kiingereza, "hili" iligeuzwa kuwa "hill", na hilo ni baya zaidi kwa sababu kosa limevaa sura ya neno halali na hakuna anayelishuku.

Swali langu lina pande mbili. Je, tukiweka utafutaji unaovumilia makosa ya namna hiyo, tutakuwa tumeingia katika hataza ya mtu? Na je, programu za kusoma herufi zisizo na malipo zinatuacha salama?

Msomahataza (mwanzisha uzi)

Ndugu Mhifadhi, umeweka mezani hali halisi. Nianze na sehemu ya kwanza.

Njia za msingi za kuvumilia makosa ziliandikwa katika majarida ya kitaaluma na zikawa mali ya wote. Mwaka 1965 Vladimir Levenshtein alichapisha kipimo cha umbali kati ya maneno mawili: idadi ndogo kabisa ya herufi za kuongeza, kuondoa au kubadilisha ili neno moja liwe lingine. "Kitabu" ikisomwa "kitahu", umbali ni 1. Njia nyingine ni kulikata neno katika vipande vya herufi tatu tatu. "Kitabu" hutoa kit, ita, tab na abu, na "kitahu" hutoa kit, ita, tah na ahu; vipande viwili vinakutana, na hivyo vinatosha kulileta neno hilo katika orodha ya yanayofikiriwa. Ukiviunganisha hivyo viwili, vipande kwa ajili ya kukusanya wagombea haraka na umbali kwa ajili ya kuwapanga, umepata utafutaji wenye manufaa kwa nyaraka zako bila kugusa dai la mtu.

Ningekushauri hatua moja zaidi, ambayo imetokana na kazi yako mwenyewe. Kipimo cha Levenshtein huyaona makosa yote kuwa sawa, lakini wewe umekwisha kugundua kwamba mashine yako hukosea kwa mtindo: I huwa l, l huwa 1, na pengine u huwa n na e huwa c. Chukua kurasa chache, zisahihishe kwa mkono, uhesabu ni herufi gani inayogeuka kuwa ipi, kisha uyape mabadiliko hayo gharama ndogo kuliko mengine. "Llani" itakuwa karibu sana na "Ilani" na mbali na maneno mengine. Usiyafute pia maandishi ya awali yaliyosomwa na mashine. Yahifadhi pamoja na picha, ili siku ukipata programu bora usianze upya.

Kuhusu sehemu ya pili, Tesseract, programu ya OCR isiyo na malipo, ilitengenezwa na Hewlett-Packard kuanzia mwaka 1985, ikafunguliwa kwa umma mwaka 2005, na mwaka uliofuata Google ikaanza kuidhamini. Leseni yake ni ya Apache toleo la 2.0, na ndani ya leseni hiyo kuna kifungu ambacho watu wengi hawakisomi: kila aliyechangia msimbo humpa mtumiaji leseni ya hataza zake ambazo mchango huo ungeziingilia. Anayemshtaki mwingine kwa kudai kwamba programu hiyo inaingilia hataza yake hupoteza leseni hiyo. Hiyo haikukingi dhidi ya mtu wa nje ambaye hakuchangia kitu, lakini inakupunguzia sehemu kubwa ya hatari. Tesseract ina pia data ya lugha ya Kiswahili. Hakikisha ndiyo iliyochaguliwa, na ile "hill" yako itapungua.

Mwandika Msimbo

Mkuu, nimekusoma kwa makini na ninaheshimu utafiti wako, lakini siafikiani nawe katika jambo moja kubwa. Umewataja Levenshtein na wengine waliochapisha bila kudai umiliki. Ongeza Karen Spärck Jones, ambaye mwaka 1972 alieleza kwamba neno linalopatikana katika nyaraka chache lina uzito mkubwa kuliko neno lililotapakaa kote; wazo hilo limo katika karibu kila injini ya utafutaji, na alilitoa katika jarida. Kama mawazo yenye nguvu kuliko yote katika fani hii yalitolewa bure na fani ikastawi, kwa nini tukubali kwamba hatua tatu za hisabati za PageRank ziwe mali ya taasisi moja kwa miaka 20? Kukokotoa ni kukokotoa. Naona kwamba hataza za programu zilipaswa kukataliwa zote tangu mwanzo.

Msomahataza (mwanzisha uzi)

Ndugu Mwandika Msimbo, hoja yako ni nzito na sina nia ya kuipita juu juu. Kuhusu Spärck Jones uko sahihi kabisa, na mchango wake ni mkubwa kuliko wa wengi wenye rundo la hataza.

Hata hivyo sheria zenyewe hazikuliacha jambo hili wazi kama inavyodhaniwa. Mkataba wa Hataza wa Ulaya wa mwaka 1973, katika ibara ya 52, unaziondoa programu za kompyuta na mbinu za kihisabati katika vitu vinavyoweza kupewa hataza, pale zinapodaiwa zenyewe kama zilivyo. Mwombaji lazima aonyeshe suluhisho la tatizo la kiufundi. Marekani nako, tarehe 19 Juni 2014, Mahakama ya Juu iliamua katika shauri la Alice dhidi ya CLS Bank kwamba wazo dhahania haliwi uvumbuzi kwa kutekelezwa tu kwenye kompyuta ya kawaida.

Miezi sita baadaye ukaja uamuzi unaogusa OCR moja kwa moja, nao ndio nilioahidi kuueleza. Kampuni ya Content Extraction and Transmission ilikuwa na hataza ambazo madai yake, kwa jumla, yalikuwa haya: toa data kutoka kwenye karatasi kwa skana, tambua taarifa mahususi ndani ya data hiyo, kisha ihifadhi kwenye kumbukumbu. Ilizitumia dhidi ya benki ya Wells Fargo kwa sababu ya mashine za kupokea hundi. Mahakama ya Rufaa ya Shirikisho ilisema kwamba kukusanya data, kuitambua na kuihifadhi ni kazi ambayo binadamu wameifanya siku zote. Karani wa benki huiangalia hundi, huisoma kiasi na namba ya akaunti, na huviandika. Skana na kompyuta za kawaida hazikuongeza kitu cha uvumbuzi. Madai yakaanguka.

Linganisha na shauri la Enfish dhidi ya Microsoft la mwezi Mei 2016. Hapo hataza ilihusu hifadhidata yenye jedwali moja linalojieleza lenyewe, ambamo safu za data na maelezo ya safu hizo hukaa pamoja. Mahakama ile ile ilisema kwamba hilo si wazo dhahania, kwa sababu dai lilielekezwa kwenye kuboresha namna kompyuta yenyewe inavyofanya kazi. Kwa hiyo mstari uliochorwa, ingawa una sehemu zenye ukungu, unapita pale pale nilipopadokeza mwanzoni: anayedai matokeo hukosa, na anayeeleza njia mahususi hupata nafasi ya kusikilizwa.

Nakubaliana nawe kwamba mstari huo huyumba. Mwezi Novemba 2019 baraza la wazee wa mahakama huko Texas liliamuru Wells Fargo iilipe USAA, kampuni ya huduma za fedha ya Marekani, dola milioni 200 kwa hataza za kuweka hundi benki kwa picha ya simu. Baadaye USAA ilishinda pia dhidi ya benki ya PNC, lakini mwezi Juni 2025 Mahakama ya Rufaa ya Shirikisho ikaupindua ushindi huo kwa kusema kwamba dai lilihusu wazo dhahania la kuweka hundi kwa kifaa cha mkononi. Teknolojia ni ya familia moja, na pesa zilizotajwa ni za kutisha. Mtengenezaji anayeangalia kwa nje ana haki ya kulalamika kwamba hajui asimame wapi. Ila sikubaliani kwamba zote zilipaswa kukataliwa. Mashine ya Goldberg ilistahili ulinzi, na sioni sababu ya msingi kwa nini wazo lenye ukamilifu ule ule likose ulinzi kwa kuwa tu limehama kutoka kwenye filamu na kioo kwenda kwenye msimbo. Ningependelea mkaguzi mkali na muda mfupi zaidi kuliko mlango uliofungwa.

Mwandika Msimbo

Nimekuelewa, mkuu. Kuhusu muda mfupi zaidi tuko pamoja. Miaka 20 katika fani ambayo programu huzeeka kwa mitatu ni kipindi kirefu mno. Kwenye hilo la mlango bado nabaki na msimamo wangu, lakini shauri hilo la hundi sikulijua, na nitakwenda kulisoma.

Mwanafunzi wa Sheria

Shikamoo mwalimu, na wengine wote humu. Mimi ni mwanafunzi na ninaandaa kazi juu ya hataza za maulizo. Naomba kuuliza mambo ya utendaji. Kwanza, hataza ya Marekani inamfunga mtu aliye nje ya Marekani? Pili, nikitaka kuzikusanya hataza za nyanja hizi mbili, nianzie wapi, maana nikiandika maneno ya kawaida kwenye kisanduku cha utafutaji napata maelfu yasiyohusiana?

Msomahataza (mwanzisha uzi)

Marahaba, mwanangu, na hongera kwa kuchagua mada hii.

Hataza hufuata mipaka ya nchi au eneo lililoitoa. Iliyotolewa Marekani haimzuii mtu kutengeneza na kutumia kitu hicho katika nchi ambayo mmiliki hakuomba ulinzi. Mambo hubadilika pale huduma inapouzwa au kutumiwa ndani ya nchi yenye hataza hiyo, na kwa huduma za mtandaoni, ambazo seva iko huku na mtumiaji yuko kule, swali la mahali kitendo kilipofanyika hubishaniwa mahakamani kwa hatua moja moja ya dai. Kwa hiyo kabla hujaandika kwamba hataza fulani "inazuia", tafuta kwanza familia yake, yaani maombi yaliyofanywa katika nchi nyingine kwa uvumbuzi huo huo.

Kuhusu kukusanya, usitegemee maneno peke yake. Waandishi wa hataza huyakwepa maneno ya kawaida. Kitu ambacho sote tunakiita kamera, wao watakiita kifaa cha kupokea taswira. Tumia alama za uainishaji. Katika mfumo wa pamoja wa Ulaya na Marekani, utafutaji wa habari uko chini ya G06F 16, na utambuzi wa herufi uko chini ya G06V 30. Angalia kwamba kundi la G06V lilianza kutumika mwaka 2022. Hataza za kabla ya hapo mara nyingi zilipewa G06K 9. Ukiziunganisha alama za nyanja zote mbili katika ulizo moja, utapata zile zinazokaa kwenye makutano, kama ile ya ulizo la picha niliyoieleza.

Kwa hataza za Marekani zilizotolewa kabla ya mwaka 1976, uwe mwangalifu zaidi. Matini zake katika hifadhidata za mtandaoni zimetokana na OCR ya kurasa zilizopigwa picha, na zina makosa ya aina ile ile aliyoyaeleza ndugu Mhifadhi. Jina la mvumbuzi linaweza kuwa limesomwa vibaya kiasi kwamba ukiliuliza kwa tahajia sahihi hulipati. Ukiwa na namba ya hataza, itafute kwa namba. Kama huna, anza na hataza mpya inayofanana, ufuate orodha ya zilizotajwa ndani yake kurudi nyuma, moja baada ya nyingine. Kisha fungua picha ya ukurasa wenyewe na usiamini matini iliyo pembeni, hasa kwenye sehemu ya madai, ambako neno moja likipotea maana ya dai lote hubadilika.

Ukifika kwenye madai, yatenganishe yaliyo huru na yaliyo tegemezi. Dai huru husimama lenyewe. Tegemezi huanza kwa kurejelea lililotangulia na huongeza sharti. Andika kila hatua ya dai huru katika mstari wake, na pembeni uandike kama mfumo unaouchunguza unaifanya hatua hiyo au la. Hatua moja isipokuwepo, kwa kanuni ya kawaida dai halijaingiliwa, ingawa mahakama huweza kuangalia kama kuna kitu kinachofanya kazi ile ile kwa namna ile ile. Mwisho kabisa kagua hali ya hataza. Marekani hudai ada ya kuihuisha miaka mitatu na nusu, saba na nusu, na kumi na moja na nusu baada ya kutolewa, na wamiliki wengi huacha kulipa. Hataza inayoonekana ya kutisha kwa kichwa chake inaweza kuwa imekufa tangu ada ya kwanza. Zile za PageRank zote, kwa mfano, zilikuwa zimekwisha muda kufikia Septemba 2019.

Ukiwa na hataza mahususi unayoichambua, weka namba yake hapa, na dai lake la kwanza likiwa limekatwa katika mistari kama nilivyoeleza, tulipitie pamoja.